Marufuku Kupiga Maji

Ipo nchi moja, usiitafute kwenye ramani, maana ramani yake ilipelekwa kutiwa fremu kwa ajili ya ofisi ya mkubwa fulani na mpaka leo haijarudi. Ni nchi nzuri tu. Watu wake wanapenda vitu viwili, mpira na kunyamaza. Kunyamaza wao wanakuita kukausha. Mtu akiona jambo la ajabu mbele ya wakubwa, jirani anamgusa kiwiko na kumwambia, "Kausha," naye anakausha, na maisha yanaendelea.

Katika nchi hiyo alikuwepo binti anaitwa Mwajabu, ambaye kukausha hakufundishwa na mtu, alizaliwa nako. Darasani akijua jibu, analiandika kwa kidole juu ya dawati halafu analifuta kwa kiganja, mwalimu anapita. Baba yake, Mzee Chande, alikuwa kinyume kabisa. Huyo ndiye alikuwa mpiga baragumu wa timu ya Nyuki. Akishaipuliza ile pembe yake, hata beki aliyechoka anakumbuka kwamba ana miguu. Wahenga walisema la mgambo likilia kuna jambo. La Chande likilia kuna kona.

Mama yake Mwajabu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Siku ya kufariki alimshika mumewe mkono akamwambia mlee mtoto, usiguse pombe, na msidanganyane. Mzee Chande akashika yote matatu kama alivyoshika baragumu. Tena mwilini alikuwa na sukari. Nesi wa zahanati alishamwambia, "Baba, wewe na chupa ya maji ni mtu na kivuli chake. Juani usiende bila maji, nakuomba."

Sasa mambo yalianzia kwenye mechi ya Nyuki na Mamba. Mashabiki walikunywa bia mpaka wakawa wanaishangilia timu yoyote inayopita karibu. Viti vikang'olewa. Mtu mmoja akapanda nguzo ya taa akatangaza kwamba hashuki mpaka aolewe. Chupa zikaanza kuruka, na moja, ambayo haikuwa na adabu, ikaenda kutua mapajani mwa Mheshimiwa Mlezi Mkuu wa Michezo, kwenye suti nyeupe.

Mheshimiwa akainuka, akachukua kipaza sauti.

"Nimechoka na upuuzi huu," alisema. "Kuanzia leo ni marufuku mtu yeyote kupiga maji uwanjani. Narudia. Marufuku kupiga maji."

Uwanja mzima ulimwelewa. Nchi ile, kupiga maji ni kunywa pombe. Hata mtoto wa chekechea akimwona baba yake anarudi nyumbani anapishana na mti ambao haujasogea, anajua baba kapiga maji. Walevi wenyewe walielewa, na wengine walipiga makofi kwa uchungu, wakadondosha chupa.

Lakini kule, neno la mkubwa haliwi sheria mpaka lipite kwenye Kamati ya Kufafanua Maneno ya Wakubwa. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Dokta Sengelema, msomi ambaye alisemekana amesoma hadi vitabu vikamwomba apumzike.

"Ndugu wajumbe," alisema Dokta Sengelema, "Mheshimiwa ametamka maji. Je, amekusudia nini?"

Mjumbe mmoja mgeni, ambaye kwenye kamati ile hakudumu, akajibu, "Si pombe, Dokta? Kupiga maji si ndiyo kulewa?"

Dokta akavua miwani taratibu. "Kwa hiyo unaiambia kamati hii kwamba Mheshimiwa anaongea lugha ya vijiweni?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Ila sisi tunakupenda, hatukusikia."

Jirani yake akamgusa kiwiko. Kausha. Akakausha.

Ikaamuliwa kwamba Mheshimiwa ni mtu wa Kiswahili sanifu, na kwa Kiswahili sanifu maji ni maji, yawe ya bomba, ya kisima au ya mvua. Neno "kupiga" liliwatesa mpaka muda wa chakula, maana wengine walidai ni kuyapiga kwa mkono, wengine kwa fimbo. Mwishowe wakakubaliana kwamba kupiga ni pamoja na kunywa, kunawa, kubeba, na kuyatamani maji hadharani.

"Na bia je?" aliuliza mtu wa kiwanda cha bia, ambacho ndicho kilikuwa mfadhili wa ligi, na siku hiyo kilikuwa mfadhili wa chakula cha kamati.

"Mheshimiwa hakuitaja bia," alisema Dokta. "Sisi ni nani tumtie maneno mdomoni?"

Mtu wa kiwanda akasimama kwa heshima, akasema kusema kweli kiwanda chao kwa muda mrefu kimekuwa na wasiwasi na maji.

Likabaki suala la barafu, kwa sababu jukwaa la wakubwa linatumia barafu. Wakaliangalia kwa makini, wakaona barafu si maji mpaka iyeyuke, na jukwaa la wakubwa lina kiyoyozi, haiyeyuki. Kikao kikafungwa kwa sala.

Basi mabomba ya uwanjani yakang'olewa, na pale yalipokuwa pakatundikwa picha ya Mheshimiwa akitabasamu. Getini wakawekwa askari wa kukagua ndimi. "Toa ulimi," unaambiwa. Ulimi mkavu, unapita. Ulimi mbichi, unakaa pembeni uwaeleze umelowa na nini. Watu wakajifunza kulamba unga wa sembe kabla ya kufika getini. Tikiti maji likakamatwa kwa sababu ya jina lake, madafu kwa sababu ya tumbo lake. Mama mmoja aliyekuwa analia kwa sababu mwanawe amepotea kwenye msongamano alizuiwa kwa muda, mpaka iulizwe makao makuu kama machozi yamo.

Ila bia ilipita. Bia ilipita kwa makreti, na walioibeba walipigiwa saluti. Watu ambao zamani walikuwa wanakunywa kwa raha sasa wakawa wanakunywa kwa kiu, na mlevi wa kiu hana breki. Ugomvi ukaongezeka, vichwa vikapasuka, na kila taarifa ya ugomvi ilipofika kwenye kamati, Dokta Sengelema alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Mnaona? Bado kuna watu wanaingiza maji."

Kila mtu alijua. Muuza karanga alijua, mwamuzi alijua, askari alijua. Mitaani watu walisimuliana wakacheka mpaka wakashika mbavu, halafu wakaangalia nyuma, wakakausha.

Ikafika wiki ya fainali, Nyuki na Mamba tena. Mzee Chande mechi za katikati alikuwa hakwenda, Mwajabu alimficha viatu. Fainali hakuzuilika.

"Baba, nesi alisemaje?" aliuliza Mwajabu kwa ile sauti yake ya kuongea na kifua chake mwenyewe.

"Nesi si shabiki," alisema Mzee Chande. Alikuwa anaipaka pembe mafuta. "Tena mama, hii kitu hailii na mdomo mkavu. Lazima midomo iwe na maji. Ukipuliza kavu inakohoa."

Mjomba Pazi alikuwa amekaa kizingitini na chupa yake. Hakuwa mjomba wa damu. Alikuwa jirani, rafiki wa Chande tangu utoto, na mnywaji wa gongo ambaye mtaa mzima ulimtumia kama saa: akianza kuimba, jua limezama.

"Chande, wewe una akili za kitoto," alisema Pazi. "Gongo rangi yake nini?"

"Nitajuaje mimi?"

"Nyeupe kama maji. Sasa chukua chupa yangu hii, tia maji yako, harufu ipo tayari, mimi nimeilea miaka. Getini wakiuliza, sema gongo. Wanakupisha na saluti juu."

"Nani ataamini mimi nabeba gongo? Nchi nzima inajua sinywi."

Wote wawili wakamgeukia Mwajabu. Ni kweli, watoto kule wanatumwa pombe kila siku, ni kazi kama kutumwa chumvi. Mtoto na chupa ya gongo anayoipeleka kwa baba yake, nani atashangaa?

Mzee Chande aliona haya. Alikuwa anamwangalia binti yake na huku anaipangusa pembe iliyokuwa tayari safi. "Mimi nitatangulia na kikundi cha ushangiliaji, mama. Wewe utakuja na chupa. Watakuuliza neno moja tu. Sema gongo. Leo tu."

"Baba, si ulisema..."

"Nilisema. Leo tu, mama."

Mwajabu akaitika kwa kichwa. Njia nzima alilifanyia mazoezi lile neno. Gongo. Gongo. Lilikuwa linatoka vizuri kabisa mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Getini alikuwepo Afande Bulugu, mtu mnene mwenye uso wa huruma ambao ulimharibia sana kazi. Mbele ya Mwajabu kijana mmoja alipita na kreti, akapigiwa saluti, akajikwaa, akalala, akasaidiwa kuinuka, akapita. Halafu ikafika zamu ya Mwajabu.

"Nini hiyo, binti?"

Mwajabu akafungua mdomo. Nyuma yake foleni nzima ilikuwa inamtazama, au yeye aliona hivyo. Lile neno likapanda mpaka kooni, likamkuta pale mama yake amekaa, likarudi.

"Maji," alisema.

Afande Bulugu akaangalia kushoto na kulia. Hatua chache kutoka pale alisimama mkubwa wake wa kazi, mikono nyuma. Afande akainama karibu na binti, akashusha sauti.

"Nusa vizuri, mwanangu. Mimi nasikia harufu. Si gongo hii?"

Mtu mwingine angeudaka mwanya huo hapo hapo. Lakini mtoto mwoga akiulizwa mara ya pili anadhani amekamatwa kwenye uongo. Mwajabu akaikumbatia chupa.

"Ni maji, afande. Haki ya Mungu. Ya baba yangu, anaumwa."

Alikuwa hajawahi kusema kwa sauti kubwa hivyo maishani mwake. Mkubwa wa kazi akageuza shingo.

"Ungesema tu kitu kingine," alisema Afande Bulugu polepole, kama mtu anayeongea msibani. Akaipindua chupa. Maji yakamwagika kwenye vumbi, na ardhi, ambayo haijawahi kuogopa mtu, ikayanywa yote.

Jukwaa la mashabiki wa Nyuki ndilo lililopewa jua. Mzee Chande alikuwa mstari wa mbele, shati limeshika mgongo, na pembeni yake Pazi na chupa za bia kwenye mifuko yote. Nyuma yao watu walikuwa wanarushiana chupa tupu na zisizo tupu. Askari walipita katikati ya vita ile wakiinama kukwepa, wanachungulia ndimi.

Mzee Chande alimwona binti yake anakuja na mikono mitupu. Akasogea kumpa nafasi.

"Wameimwaga, baba."

"Ulisema nini?"

"Nilisema maji."

Mzee Chande alimwangalia kidogo, kisha akacheka, kicheko kifupi kilichokwaruza. "Ndivyo nilivyokulea," alisema. "Kaa. Usilie, mama, wataleta kesi."

"Twende nyumbani."

"Dakika hii Nyuki wanapata kona, niondoke vipi?"

Akaweka pembe mdomoni. Ilikohoa. Akajaribu tena, ikatoa sauti kama ya ndama. Midomo ikapasuka katikati, akaifuta damu kwa mkono, akapuliza, na safari hii ikalia. Kule uwanjani wachezaji wa Nyuki waliinua vichwa.

"Chande," alisema Pazi, "kunywa hata funda moja. Bia ni bia lakini ina majimaji. Mungu anaona."

"Anaona, ndiyo maana."

"Mkeo mwenyewe angekwambia kunywa."

"Usimsemee mke wangu, Pazi. Yeye alishasema."

Pazi akainama. Akatoa chupa zote mifukoni akazipanga chini ya kiti, na tokea hapo hakunywa tena siku hiyo, jambo ambalo hakuna aliyelitazama.

Macho ya Mzee Chande yalianza kuwa ya mbali. Mwajabu akainuka, akapita katikati ya watu mpaka chini ya jukwaa la wakubwa. Kule juu kulikuwa na baridi ya kiyoyozi na sauti ya barafu kwenye glasi. Dokta Sengelema alikuwa kwenye ngazi, glasi mkononi. Mwajabu, ambaye hata jina lake huwa anaambiwa alirudie, akamshika msomi yule upindo wa koti.

"Shikamoo. Naomba barafu. Moja tu. Baba yangu ana sukari, hajanywa kitu."

Dokta hakuwa mtu mbaya. Akachuchumaa ili amweleze vizuri. "Marahaba, binti. Sikiliza. Hii ikitoka humu ndani itayeyuka. Ikiyeyuka ni maji. Ukikutwa na maji utashitakiwa, na baba yako pia. Unaona ninavyokuokoa?"

Akampapasa kichwa, akarudi kwenye baridi.

Mwajabu alikuwa bado njiani kurudi wakati Nyuki walipofunga. Uwanja ukapasuka. Bia ikamwagika kama mvua, watu wakarukiana, na katikati ya furaha ile alimwona baba yake anashuka taratibu mpaka sakafuni, amekumbatia pembe, kama mtu anayekaa mkekani.

Askari wawili walifika kabla yake.

"Huyu kalewa," alisema wa kwanza. "Mzee, toa ulimi."

Mzee Chande alitoa ulimi, au ulitoka wenyewe. Askari akaugusa kwa kidole, kidole kikanata.

"Mkavu," alisema yule askari kwa mshangao, akamwita mwenzake aone. "Mkavu kama karatasi. Huyu mzima kabisa. Huyu ni mfano. Mwacheni apumzike."

"Mzima wapi?" alifoka Pazi. "Mtu anakufa huyu, mchukueni, mpelekeni hospitali."

"Wewe mlevi utajua nini?"

Wakaondoka, maana mstari wa nyuma palionekana mtu mwenye jasho la kutia shaka.

Mwajabu alikaa chini akaweka kichwa cha baba yake mapajani. Alikuwa analia, na machozi yalikuwa yanadondoka kwenye ile midomo iliyopasuka, na midomo ikawa inacheza kidogo, kama ya mtoto anayetafuta ziwa. Pazi alikuwa anawapigia watu kelele wawapishe. Hakuna aliyesikia. Nyuki walikuwa wanaongoza. Midomo ilipoacha kucheza, Mwajabu aliendelea kulia hapo hapo, kwa kuwa bado kulikuwa na machozi na ilikuwa vibaya kuyapoteza.

Msiba ulipata bahati. Mheshimiwa mwenyewe alikuja, na mahema, na mtu wa kiwanda akaleta bia za kutosha kwa waombolezaji. Mzee Chande alivishwa Nishani ya Ukavu ya daraja la kwanza, iliyowekwa juu ya jeneza kwa sababu kifua chenyewe kilikuwa ndani.

"Marehemu huyu," alisema Mheshimiwa, "alikaguliwa, akakutwa hana tone. Hana tone, ndugu zangu. Nani kati yetu hapa anaweza kusimama akasema hivyo?"

Hakuna aliyesimama.

Mheshimiwa akarudi kukaa. Kiti chake kilikuwa karibu na mkeka wa wafiwa, na Mwajabu alisikia alivyomwinamia Dokta Sengelema.

"Hivi huyu mzee kafa na nini hasa?"

"Kiu, Mheshimiwa."

"Kiu? Mpirani?" Mheshimiwa alikunja uso. "Sasa si angekunywa maji?"

Wanawake waliokuwa wanajipepea kwa kanga waliacha. Mtu wa kiwanda akaangalia viatu vyake, viatu vizuri. Mwajabu alimtazama Mheshimiwa usoni na akaona kwamba anauliza kweli. Hajui. Siku zote zile, hajui. Lilikuwa jibu la sentensi moja, mtoto yeyote angeweza kumpa, na hema lote lilikuwa nalo mdomoni. Mtu akamgusa Mwajabu kiwiko. Akaliandika kwa kidole juu ya mkeka, akalifuta kwa kiganja.

"Alipewa, akakataa," alisema Dokta Sengelema. "Uzalendo, Mheshimiwa."

Mheshimiwa akatoa kitambaa akajifuta macho. Machozi yalikuwa yameshatolewa kwenye sheria.

Jukwaa la jua likapewa jina la Mzee Chande. Sheria haikuguswa, kwani kuigusa kungekuwa kumvunjia heshima marehemu. Afande Bulugu alihamishiwa mpakani kwa kosa la kumpa raia nafasi ya pili.

Nyuki walipocheza tena, Mjomba Pazi alitaka waende wote. Mwajabu akasema atakwenda mwenyewe. Alibeba pembe begani, na mkononi chupa ile ile, ameijaza maji. Alitaka kuulowesha mdomo wa pembe jukwaani, pale baba yake alipokuwa anakaa, kama baba alivyokuwa anafanya kabla ya kupuliza. Basi.

Getini alikuwepo askari mpya, kijana, ameshachoka.

"Nini hiyo?"

"Gongo," alisema Mwajabu.

Askari hakuinama hata kunusa. "Nani kakutuma?"

"Baba."

"Haya pita, mdogo wangu," alisema askari, na akampigia saluti. "Msalimie."